Mzee ana mpira wa mkojo: anywe antibiotiki hadi utolewe?

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mzee, aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo na kurudi nyumbani na mpira, umnunulie antibiotiki ya siprofloksasini anywe kila siku asipate UTI (maambukizi ya njia ya mkojo).

Usinunue. Antibiotiki ya kinga kwa upasuaji huo mara nyingi ni dozi moja tu, hutolewa muda mfupi kabla ya kuanza. Mpira ukikaa siku kadhaa bakteria wataingia tu, anywe dawa asinywe; ila akinywa kila siku, watakaobaki ni wale sugu. Tena kwa umri wake siprofloksasini inaweza kuumiza kano ya kisigino, hata ikakatika. Kama daktari wake alimwandikia dawa, hiyo aimalize kama ilivyoandikwa.

Nguvu zako ziweke kwenye mfuko unaopokea mkojo. Ukae chini ya usawa wa kibofu hata akitembea (wapo wanaoutundika juu ya kitanda, mkojo unarudi ndani!), usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa. Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Mkojo kuwa na wekundu hafifu siku za mwanzo ni kawaida.

Akipata homa, akitetemeka, akianza kuchanganyikiwa au mpira ukiacha kutoa mkojo, mpeleke hospitali hapohapo, hata kama ni usiku. Na siku ya kuutoa, muulizeni daktari kama anahitaji dozi ya antibiotiki. Wagonjwa wengine hupewa.