Uingereza: kitu kikiharibika, mdai aliyekuuzia

Kabla hujanunua hata pasi ya umeme Uingereza, jua hili: ukiuziwa kitu kibovu, anayewajibika kwako kisheria ni duka lililochukua hela yako, sio kiwanda kilichokitengeneza. Sheria inaitwa Consumer Rights Act, ya mwaka 2015, na haiulizi una viza gani wala Kiingereza chako kikoje.

Mimi ilinikuta kwa mashine ya kufulia, haijamaliza hata miezi sita ikaanza kugoma kukamua, nguo zinatoka zinachuruzika maji, napiga simu dukani naambiwa waranti ni ya kampuni ongea nao, kampuni nao wananiambia subiri fundi, na fundi mwenyewe haji. Danadana tupu. Nikaacha simu, nikamwandikia meneja wa duka imeli fupi: nilinunua tarehe fulani, risiti hii hapa, video ya mashine imejaa maji hii hapa, kwa mujibu wa Consumer Rights Act naomba mtengeneze au mnibadilishie. Lugha ikabadilika siku hiyohiyo. Fundi akaja, mashine ikagoma tena, nikadai hela yangu ikarudi yote. Sheria inawapa nafasi moja tu ya kutengeneza au kubadilisha, wakishindwa unadai hela, na ndani ya miezi 6 ya mwanzo hawaruhusiwi kukukata hela eti umeshaitumia, labda iwe gari. Tena ndani ya miezi hiyo wao ndo wanatakiwa kuthibitisha kuwa kitu hakikuwa na ubovu walipokuuzia. Miezi hiyo ikipita, kazi ya kuthibitisha inakuja kwako, ila bado unaweza kudai mpaka miaka 6, Scotland 5.

Sasa kwenye siku 30 ndo watu wetu wanaumia sana. Kitu kibovu ndani ya siku 30 unakirudisha unapewa hela yote, hakuna cha kusubiri fundi. Lakini sisi tunanunua TV, blenda, laptop za wadogo zetu, tunazifungasha na maboksi yake bila kufungua, zinaingia kwenye kontena la Mombasa au Dar, meli wiki na wiki, bandarini nako bado, mama anakuja kufungua TV kioo kina mistari. Siku 30 zimeishia baharini na kitu kiko Tanga, utakirudishaje dukani? Fungua, chomeka, washa, iache iwake usiku mzima ndo ufungashe, hata kama zawadi itafika na boksi lililofunguliwa.

Ukiagiza mtandaoni una siku 14 tangu upokee mzigo kuwaambia umeghairi, hata bila sababu, ingawa kuna vitu haviingii kama chakula kinachooza au kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Dukani kwa miguu yako haki hiyo huna, kiatu kizima kikikubana inategemea utaratibu wa duka, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Gari used ndo kabisa kuwa makini. Ukinunua kwa dila, yaani mfanyabiashara wa magari, sheria hii inakulinda hata aandike "sold as seen" (linauzwa kama lilivyo), hayo maandishi hayakuondolei haki. Ukinunua kwa mtu binafsi kinga ni ndogo mno, kikubwa gari liwe lake na lifanane na alivyolieleza, na ndo maana kuna madila wanajifanya watu binafsi mitandaoni, kitu ambacho hakiruhusiwi kisheria. Namba yake ya simu ikiwa kwenye matangazo ya magari matatu manne, huyo ni mfanyabiashara.

Kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 lipia kwa kredit kadi kama unayo, hata sehemu tu ya bei, maana Section 75 (kifungu cha 75) ya Consumer Credit Act, sheria ya mikopo ya 1974, inaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, hata duka likifunga. Debit kadi haina Section 75.

Risiti ipige picha siku ileile, zile karatasi maandishi yanafutika. Ukikwama wapigie Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ni bure, na England na Wales dai lisilozidi pauni 10,000 unalipeleka small claims, yaani mahakamani kwenye madai madogo, bila wakili, ada ya mahakama unatanguliza wewe na ukishinda kwa kawaida aliyeshindwa anaamriwa akurudishie.