Fuso kugoma kuwaka asubuhi: pima kabla hujashusha injini

Mkuu, umesema stata inazungusha vizuri, ila asubuhi hizi za baridi Fuso yako inagoma, ikiwaka inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi na kukosa silinda moja mpaka ipate moto. Fundi keshakuandikia ringi za pistoni na laina (mikebe ambayo pistoni hupanda na kushuka ndani yake) za silinda zote sita. Hiyo hela usiitoe kwanza.

Kama pampu ni ile ya zamani yenye bomba la chuma kwenda kila nozeli (kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda), iache ingurume taratibu, ulegeze nati za mabomba moja baada ya nyingine. Ukilegeza na mngurumo usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi. Badilishana nozeli na jirani yake. Ugonjwa ukihama, dawa ni nozeli tu. Ukibaki palepale, kapime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. (Kwenye komoni reli, mfumo mpya ambao nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usithubutu kulegeza, presha yake inatoboa ngozi.)

Tumia geji ya dizeli, ya petroli haihimili. Toa nozeli zote, kata mafuta, betri iwe imejaa, tapeti (nafasi ya kufungukia valvu) ziwe zimekaguliwa. Tapeti iliyokazwa mno huacha valvu wazi na kukudanganya. Injini nyingi za malori zikiwa nzima husoma kati ya bar 25 na 35, lakini hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko pwani. Injini iliyosoma 30 Dar itasoma kama 26 hapa, na haina ugonjwa wowote. Kwa hiyo linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Moja ikisoma 17 na nyingine 26, umeshaipata. Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, shuku gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) katikati yake.

Geji haikuambii hewa inavujia wapi. Wengi hapo humimina oili ndani ya silinda; kwenye dizeli mimi sikubali, chumba cha moto ni kidogo mno, oili ikizidi kipimo kinapanda kwa uongo na konrodi (mkono unaoshika pistoni) inaweza kupinda. Chukua kompresa. Weka pistoni ya silinda iliyosoma chini juu kabisa, valvu zote zimefunga, vigingi kwenye tairi, na ondoa supana kwenye puli maana injini inaweza kuruka. Ingiza hewa kupitia tundu la nozeli, kisha sikiliza. Ikivuma kwenye ekzosi au njia ya kuingizia hewa, ni valvu. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au hedi imepasuka. Ikivuma kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi hizo. Kidogo ni kawaida.

Kuna lori la mahindi ya Kibaigwa nililisimamia, nalo lilikuwa limeandikiwa ovahoo, yaani kufungua injini nzima. Hewa ilivuma kwenye ekzosi. Ilishushwa hedi peke yake, valvu moja ilikuwa imeungua, bloku haikuguswa.

Yako ikiwa ringi kweli, kabla ya kununua chochote fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye chujio, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, mpira umepasuka au klipu imelegea, na ringi mpya zitasagwa vilevile. Weka hapa vipimo vya silinda zote sita.