Gari linasaga ukikanyaga mafuta

Ndugu, umesema gari lako linaendeshwa na magurudumu ya mbele, linasaga ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia. Usikimbilie kununua beringi ya gurudumu: mlio wa beringi hufuata mwendo wa gari hata ukiachia mafuta.

Kwanza simamisha gari, weka nyutro, piga resi. Ikisaga papo hapo, tazama bati la kukinga joto la ekzosi. Likilegea hugusa bomba, na klipu mpya inatosha.

Ikisaga barabarani tu, tena kwa mtetemo, nashuku jointi (kiungo kinachojikunja) ya ndani ya draivu shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye gurudumu; ya ndani iko upande wa giaboksi. Ya nje, upande wa gurudumu, hugonga "ta-ta-ta" ukikata kona. Inua gari, liweke juu ya stendi (jeki peke yake ni hatari), kagua mpira wa jointi. Ukichanika, grisi hutoka, mchanga huingia, vyuma hulika. Jointi ikishaanza kusaga, grisi mpya haiiponyi; badilisha jointi au shafti nzima. Weka oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) na nati mpya, kisha ongeza oili ya giaboksi iliyomwagika, aina ileile ya kitabu cha gari. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ukiitilia ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida, utaiua.