Ukiona friji ya jirani iko juu ya matofali

Niliingia Dar es Salaam mwezi Januari nikitokea Mwanza, na begi moja, barua ya ajira na imani kwamba kupata chumba cha kupanga ni kazi ya wikiendi moja. Shangazi aliyenipokea Gongo la Mboto hakunibishia. Alinipisha nusu ya kabati lake la nguo, akaniambia nitundike zote, zisikae kwenye begi. Nilipaswa kuelewa palepale.

Nilikaa kwake wiki tatu. Kazi ilikuwa Posta, na kila siku nilitoka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala. Kufikia wiki ya tatu ningelipia hata banda la kuku mradi liwe karibu na mjini. Ukifika hali hiyo usitafute nyumba. Lala kwanza. Mimi sikulala, nikaenda Tabata.

Dalali alinionyesha chumba Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka. Master, yaani chumba chenye choo na bafu lake ndani, na jiko dogo, ndani ya fensi, wapangaji wanne tu, shilingi 200,000 kwa mwezi. Rangi mpya kabisa: juu nyeupe, na kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi ya mafuta ya kahawia. Nikajisemea hawa wana akili, ya mafuta inafutika kirahisi. Mlangoni kulikuwa na kiukuta cha tofali kinachofika magotini, unakiruka ndipo uingie.

"Hiki cha nini?"

"Kinazuia panya, dada."

Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Friji yake ilikuwa imesimama juu ya matofali manne, kitanda kimeinuliwa vilevile, hata meza ya tivii. Nikamwona ni mtu msafi, anapenda kufagia hadi uvunguni. Nikalipa kodi ya miezi sita, 1,200,000, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Aprili, usiku wa manane, niliamka kwa sababu ndala zangu zilikuwa zinagonga mguu wa kitanda. Zilikuwa zinaelea. Nyumba ile ilikuwa upande wa bondeni, kuelekea mto Msimbazi, na maji yalikuwa yameshakiruka kiukuta cha panya. Wala hayakuwa maji ya mvua peke yake. Waliowahi kukaa bondeni wanajua: mvua ikikolea, wapo wanaotumia nafasi hiyo kutapisha vyoo. Begi langu la Mwanza lilikuwa uvunguni, na vyeti vyangu vyote vilikuwa ndani yake.

Nilivuka kwenda kwa jirani. Nilimkuta amekaa juu ya kitanda chake na wanawe wawili, miguu mikavu, taa ya chaji inawaka. "Pole, mdogo wangu," akaniambia. "Siku ile nilikuona unachungulia, nikajua umeona."

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia asiangalie chumba kilicho tupu. Chumba kitupu kimepakwa rangi ili kiangaliwe. Aangalie wanaokaa pale wanaishije. Kama ni kiangazi na huwezi kungoja mvua, zunguka nyuma ya nyumba ambako hawakuhangaika kupaka rangi, utafute mstari wa tope ukutani. Angalia milango ya mbao kama imevimba na kuoza chini. Angalia kama kuna viroba vya mchanga vimelundikwa pembeni, na soketi kama zimewekwa juu kuliko kawaida. Hakuna mtu anayeinua soketi hadi kifuani kwa mapambo.

Halafu nenda gengeni. Nunua nyanya na vitunguu vya 2,000, usiwe na haraka, uliza tu: "Hivi ile nyumba ya geti la bluu, aliyekuwa anakaa mle kahamia wapi?" Muuza genge hapati chochote ukipanga wala usipopanga. Gengeni ndiko nilikoambiwa, baadaye nikiwa natafuta Sinza, kwamba nyuma ya ukuta wa chumba nilichokipenda kuna ukumbi wa shughuli, na kwamba mpangaji aliyetangulia alikuwa na mtoto mchanga ndiyo maana hakumaliza hata kodi yake. Dalali alikuwa ameniambia mtaa ni tulivu. Hakudanganya, ilikuwa Jumanne.

Ukimpata mwenyewe anayehama ni bora zaidi. Mwombe dalali namba yake. Akianza kujiumauma, umeshajibiwa.

Saa nne asubuhi ndiyo saa ya uongo kuliko zote. Watu wako makazini, baa imefungwa, spika zimelala. Rudi saa tatu usiku bila dalali, na rafiki kama unaogopa, usikie kama kuna kigodoro, ile ngoma ya kukesha, mtaa wa pili, uone kama njia ina taa na kama bodaboda wanakubali kuingia huko ndani au wanakushusha lami. Kisha siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, ifanye safari nzima kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi. Kwa dalali kila nyumba iko dakika tano kutoka lami, na ni kweli, ila ni dakika tano za pikipiki. Piga hesabu: 1,000 kwenda, 1,000 kurudi, siku 22 za kazi. Hiyo ni 44,000 kila mwezi. Chumba cha 150,000 kule ndani kumbe ni cha karibu 200,000, na mvua ikinyesha bodaboda wanapandisha.

Kwa mgeni anayefanya kazi katikati ya mji, mabasi ya mwendokasi yalibadilisha hesabu hizi tangu yalipoanza mwaka 2016. Kimara ilikuwa mbali. Sasa unapanda kituoni unashuka Kivukoni. Lakini ujue kwamba njia hiyo inapita Jangwani, na Jangwani ni njia ya Msimbazi. Mto ukifurika barabara inafungwa, mabasi yanasimama, na wewe uko upande wa pili. Unaweza kukaa mlimani kabisa na bado bonde likakukamata ukiwa njiani.

Madalali sasa. Sitawatukana, wapo watu wa kazi, na mgeni asiye na ndugu hapa hana jinsi ya kuwakwepa. Zile picha za mtandaoni nyingi ni zao pia, na nyingine ni za chumba kilichochukuliwa zamani, zimeachwa ili upige simu. Ila uijue lugha. "Kuna mtu anakuja kulipia jioni" ni salamu tu. Mimi nilijifunza kujibu, "Basi mpe, kaka yangu, ndiyo riziki yake." Mara tatu nilijibu hivyo, na mara zote tatu nilipigiwa simu kesho yake kwamba yule mtu hakutokea.

Kuna hela ya kuonyeshwa nyumba, mimi nilitozwa kati ya 10,000 na 20,000. Kabla hujapanda bodaboda kubalianeni ni ya nyumba ngapi, maana kuna anayekuonyesha moja mbovu halafu anasema siku imeisha. Jambo jingine ni mnyororo. Dalali uliyempigia huenda hamjui mwenye nyumba. Anamjua dalali wa mtaa, naye anamjua mtu mwenye funguo. Nilishawahi kufika getini nikiwa na madalali watatu, wote wanasubiri mwezi wangu mmoja. Huo mwezi wa udalali usiutoe hadi umeonana na mwenye nyumba na umeshika funguo.

Kwa maji, sisi tuliokulia kando ya ziwa hatuna akili ya kuuliza. Maji ni maji. Dar nyumba nyingi zina kisima, na visima vingi vina chumvi: sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya ajabu, nywele zinakuwa kama katani. Fungua bomba, onja, osha mikono na kipande cha sabuni palepale mbele ya dalali, aone aibu yeye. Uliza kama kuna maji ya bomba pia, yanatoka siku gani, na kama kuna simtank ni la nani na nani analipia pampu. Nilikaa nyumba moja ambayo simtank lilikuwepo kweli, la lita 1,000, ila lilikuwa la mpangaji wa chumba cha mbele, na kifuniko chake kina kufuli.

Umeme ndiyo unaogombanisha watu. Kama mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vinne, kimbia, au uwe tayari kwa vikao vya nani ana pasi na nani ana friji. Ukiacha ugomvi, kuna hasara: mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huuziwa kwa bei ya chini, karibu theluthi ya bei ya kawaida. Mkiwa wanne kwenye mita moja bei hiyo mtaisikia tu. Hata mita ikiwa yako peke yako, iulize historia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sasa ni 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa deni linalala kwenye mita linakusubiri. Mimi mara ya kwanza kununua umeme wa 10,000 kwenye nyumba ninayokaa sasa nilipata uniti kiduchu mpaka nikadhani nimekosea namba. Mwambie mwenye nyumba anunue yeye umeme wa kwanza, wa 5,000 tu, kabla hujaingia. Utaona kinachotoka.

Joto sitasema sana. Ukitoka nyanda za juu, Iringa au Mbeya, usichukue chumba cha bati lisilo na dari, hata ukipewa bure.

Nyumba hiyo ninayokaa sasa iko Kimara, juu kabisa. Niliifuata Mei, mvua inanyesha, viatu nimevishika mkononi. Mama mwenye nyumba alinikuta nimesimama uani naangalia maji yanaelekea wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Umeolewa?"

Wenye nyumba wengi watakuuliza hivyo ukiwa mwanamke wa peke yako, pamoja na unafanya kazi wapi, unarudi saa ngapi na nani atakuwa anakuja. Usikasirike haraka, na usidanganye, maana utaishi na uongo wako hapo getini mwaka mzima. Nilijibu nilichotaka kujibu, kisha nikauliza ya kwangu: kodi inapanda lini na kwa kiasi gani, bomba likipasuka nani anamwita fundi, choo kikijaa gari la kunyonya linalipwa vipi, na nikitaka kuhama kabla miezi haijaisha inakuwaje. Yote yakaingia kwenye mkataba. Alitaka ya miezi sita. Nilimwomba tuanze na mitatu, akakubali, jambo ambalo dalali alikuwa ameniapia haliwezekani. Kuuliza hakuna gharama.

Kabla ya kulipa nilipita ofisi ya serikali ya mtaa nikauliza kama ile nyumba ni ya mama yule. Fanya hivyo hata kama unaona haya. Kuna mchezo wa mpangaji aliyebakiza miezi miwili kujifanya mwenye nyumba, anakusanya kodi kwa watu watatu, halafu mnakutana watatu getini na magodoro yenu. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe anawajua wenye nyumba wake, na mkataba ukisainiwa mbele yake unakuwa na shahidi anayepatikana kwa miguu. Kodi usilipe taslimu mkononi. Ukituma kwa simu, jina la anayepokea linatokea kabla hujathibitisha kwa namba ya siri. Lisome, ulinganishe na la kwenye mkataba. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya mdogo wangu," hapo simamisha zoezi.

Siku ya kuhamia, kabla sijaingiza hata ndoo, nilipiga picha za kila kitu: ufa wa dirishani, kioo kilichopasuka cha bafuni, sinki, mita na namba yake. Zilifika kama thelathini. Nikamtumia mama mwenye nyumba zote kwa WhatsApp, nikijua nitaonekana msumbufu. Alikaa kimya saa nzima. Kisha likaja jibu: "Nimeziona binti. Umesahau bomba la jikoni, linavuja tangu mwaka jana."