Babu fundi mwashi wa Kitaliano, jeshi la Marekani lilimpataje?

SWALI: Kaka shikamoo, safu yako naisoma tangu niko Tanga. Nimeolewa huku Ohio, ukoo wa mume wangu asili yao Italia. Mama mkwe kanipa bahasha ya babu yake, alikuwa fundi mwashi, kaja Marekani 1912, humo kuna cheti cha uraia cha Julai 1918, kimetolewa kambini Georgia. Wenyewe wanasema alikamatwa tu akatiwa jeshini, na jina lake lilibadilishwa na makarani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Sasa mtu si raia anapelekwaje vitani, halafu uraia anaupata fasta hivyo? Na faili lake la jeshi liko wapi? – Mama Rehema

JIBU: Marahaba dada. Hiyo bahasha usiirudishe haraka, ina mambo.

Habari ya kukamatwa ina ukweli nusu. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tarehe 5 Juni 1917 wanaume wote wa miaka 21 mpaka 30 walitakiwa kujiandikisha, raia na wageni sawa. Kwa sheria, mgeni aliyechukuliwa ni yule aliyekwisha kutangaza kwamba anataka uraia, wasiotangaza walikuwa na haki ya kuomba wasamehewe, lakini uombe kwa fomu, ya Kiingereza, ndani ya muda, na fundi anayeshinda juu ya jukwaa anapanga mawe mpaka jua linazama fomu hiyo atamsomea nani? Wengi walienda jeshini hivyo hivyo. Na Italia ilikuwa upande mmoja na Marekani, kwahiyo hakuna aliyemwona adui.

Georgia nahisi ni Camp Gordon, karibu na Atlanta. Pale 1918 jeshi lilikuwa na wanajeshi kibao wasioelewa hata amri ya geuka kulia, wakaamua kuwapanga kwa lugha, Wataliano kombania yao na maofisa wanaoongea Kitaliano. Uraia sasa: kawaida ilikuwa ukae miaka mitano na uanze na ile karatasi ya kutangaza nia, ila sheria ya 9 Mei 1918 ikamwondolea mwanajeshi vyote viwili, majaji wakawa wanaenda makambini wanaapisha watu kwa makundi. Cheti cha Julai kinaingia hapo hapo kabisa.

Ya Ellis Island wambie mawifi waiache. Makarani wale hawakuandika majina upya, walisoma orodha ya meli iliyoandikwa huko huko Napoli au Genova mtu anapopanda. Majina mengi yalibadilika baadaye, kazini, shuleni kwa watoto, au siku ya kuapa. Linganisha sahihi yake kwenye kila karatasi utaona mabadiliko yalipoanza.

Faili la jeshi, pole. Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu pale St. Louis liliungua, na mafaili ya wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960 yaliteketea karibu asilimia 80. Uliza tu, huenda lake limepona, ila mimi ningeanza na kadi ya kujiandikisha, zile zimebaki, ziko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani. Utakuta kazi yake, tajiri wake, alikozaliwa, mpaka rangi ya macho. Kona ya chini kushoto pameandikwa kwamba kama mtu ni wa asili ya Afrika kona hiyo ichanwe, yani ubaguzi wa kwenye fomu kabisa. Na kama alijiandikishia Ohio una bahati, jimbo lilichapisha orodha ya askari wake wote wa vita ile.

Kingine, muulize mama mkwe bibi aliolewa lini. 1942, kwenye Vita Kuu ya Pili, Italia sasa ikiwa upande wa adui, Wataliano kama laki sita wasio na uraia waliandikishwa kuwa wageni wa nchi adui, wakanyang'anywa kamera na redio za mawimbi mafupi, mpaka Oktoba 12 walipofutiwa jina hilo la adui. Babu hakuguswa maana ana cheti cha 1918. Bibi kama alifunga ndoa naye kabla ya 22 Septemba 1922 alipata uraia kwa mgongo wa mumewe, ila kama ni baada ya hapo alitakiwa aombe mwenyewe, na asipoomba basi humo kwenye bahasha tafuta kitambulisho chake cha mgeni wa nchi adui, kijitabu kidogo chenye picha yake na alama ya kidole.