Re: Kampuni inataka kukodi shamba la mzee iweke betri za stima

Tafadhali mwambie mzee asisaini bado. Umesema wanataka ekari 5 karibu na sabstesheni (kituo cha kupokea na kugawa stima), na kwanza wawekewe ardhi miaka 3 wakipima kama itawafaa. Sasa hapo ndugu yangu ujue wanachotaka ni hiyo sabstesheni si udongo, so msikubali bei ya kukodisha ya kupanda mahindi. Na hiyo miaka 3 walipe, kwa sababu hamtaweza kumpa mtu mwingine. Mimi nilisoma karatasi kama hiyo ya shangazi yangu, ukurasa wa mwisho kabisa, kamstari kamoja tu kalisema kampuni inaweza kuongeza muda bila kumuuliza, tukakafuta kwa biro hapo hapo mezani.

Halafu hapa Kenya shamba la kilimo hata kulikodisha kunataka kibali cha bodi ya ardhi, maombi yaingie ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, na mama pia aulizwe. Pesa ya kung'oa betri mwishoni iwekwe kando mapema, na muulize habari ya moto, betri kama hizo za Moss Landing kule California, Marekani, ziliwaka Januari 2025 watu wakahamishwa. Wakili awe wenu, si wao.