Kabureta ya Land Rover ya zamani: iguse mwisho

Wenye magari ya zamani hapa Tanga, injini ikianza kumisi tu, yaani kukosa moto mara mojamoja, wanakimbilia kufungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Isipokaa sawa, wanatafuta kabureta kubwa zaidi. Mimi naendesha Land Rover Series III ya petroli, na ninakuomba sana ufanye kinyume: baki na kabureta inayolingana na injini yako, na uiguse baada ya kumaliza mengine yote.

Tuanze na ukubwa, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, shafti kuu ya injini. Hii yetu ni cc 2,286, yaani lita 2.286, na nguvu yake yote ya farasi 77 huifikia kwenye mizunguko 4,250 kwa dakika. Zidisha, kisha gawa kwa mbili: karibu lita 4,860 za hewa kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, kwa hiyo chukua asilimia 80 hivi, upate kama lita 3,900. Haihitaji zaidi ya hapo. Ukiifunga kabureta yenye koo pana kupita haja hiyo, hewa inapita kooni polepole, mvuto unapungua, petroli inatoka matone badala ya ukungu, na gari linasita kila unapokanyaga mafuta kutoka mwendo wa chini.

Kabureta ya Zenith 36IV iliyokuja na gari inatosha. Weber 34 ICH, ambayo wengi wanaifunga badala yake, inabana mafuta lakini inapunguza nguvu kidogo. Kwa mtu wa safari za Muheza na Pangani, sina neno nayo. Anayepanda milima na mzigo, mimi ningemwambia abaki na Zenith.

Zenith ina ugonjwa wake. Kifuniko cha juu hujipinda, na kale kampira ka mviringo ndani yake hukauka. Petroli inapenya isikotakiwa, moshi unakuwa mweusi gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha hakibadiliki kitu. Toa chujio la hewa, umulike tochi kooni injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiona petroli inadondoka tone tone, jibu umelipata. Tandika msasa laini juu ya kioo bapa, usugue uso wa kifuniko taratibu mpaka mng'ao uenee kote bila doa jeusi, kisha weka mpira na gasketi mpya.

Ila kabla hujafika huko, maliza upande wa moto, yaani cheche za plagi. Mzee mmoja fundi wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, alinizuia mkono nikiwa nimeshika bisibisi: "Mwanangu, pointi umeziangalia?" Alikuwa na haki. Hewa yetu ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye vichwa vya waya na ndani ya distributa, na gari linamisi vilevile kama lenye kabureta mbovu. Pointi, zile swichi ndogo ndani ya distributa, ziwe na mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, tapeti za vali 0.25. Kagua pia mpira wa servo ya breki kama gari lako linayo, na gasketi ya manifodi. Hewa ya wizi ikiingia hapo hakuna tyuningi itakayoshika.

Jeti, vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, usizichokoe kwa waya. Ni shaba laini, tundu linapanuka na huwezi kulirudisha. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa. Na pampu ya umeme ya gari la EFI, lile linalopuliziwa petroli bila kabureta, usiifunge kamwe. Inasukuma kwa shinikizo la zaidi ya psi 30, wakati sindano ya floti, inayozuia petroli kabureta ikijaa, imezoea psi 2 hivi. Petroli itafurika juu ya injini ya moto, na hilo ni hatari ya kuunguza gari.

Tyuningi yenyewe ni fupi. Pasha injini mpaka ipate joto lake la kawaida. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse mwisho bila kulazimisha, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo tafuta sehemu ambayo mlio unapanda na kutulia, shusha mwendo kwa skrubu ya sailensa, rudia. Kisha shika barabara ya Pangani kwa mwendo mmoja, uzime injini bado inavuta, usimame pembeni pasipo na magari na ufungue plagi. Kahawia nyepesi ni sawa. Masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, petroli ni pungufu, usiendelee kuliendesha hivyo kwa sababu vali zitaungua.

Ukilitengeneza gari usawa wa bahari kisha ukapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ya kule ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Petroli itaonekana imezidi na gari litakuwa zito kidogo. Anayeishi huko ndiye apunguze jeti kuu. Anayekwenda wikiendi aiache ilivyo.